Wasanii wa tamaduni nyingine wapewe vipindi shuleni, wasiishie kwenye sherehe

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo nimelifanyia kazi kwa muda mrefu, nalo ni kuwaletea wanafunzi wanamuziki, wachezaji ngoma na watambaji hadithi wa tamaduni zisizo zao. Shule zinazofanya hivyo si chache, na kila ninaposikia kwamba nyingine imewafungulia wasanii wa namna hii milango yake, nafurahi kwa dhati. Kinachonisukuma kuandika ni namna jambo lenyewe linavyofanywa. Mara nyingi wasanii hualikwa siku ya kufunga shule au ya kupokea wageni rasmi, wakapewa dakika 10 katikati ya hotuba mbili. Watoto hupiga makofi, picha hupigwa, na kesho yake hakuna mwalimu anayeitaja tena ile ngoma wala anayekumbuka ni ya watu gani. Rai yangu ni kwamba onyesho la aina hii ni somo kamili, na lisipopewa haki zote za somo, yaani kipindi katika ratiba, maandalizi kabla yake, mazoezi baada yake na mwalimu anayelihudhuria tangu mwanzo hadi mwisho, litawaachia watoto kumbukumbu ya mavazi peke yake.

Nianze na haki ya mtoto, kwa kuwa wengi bado huziona shughuli hizi kama hisani ambayo shule huitoa ikiwa na nafasi na kuiacha ikikosa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kushiriki kikamilifu katika maisha ya utamaduni na sanaa. Kifungu cha 29, kinachotaja madhumuni ya elimu, kinagusa jambo letu moja kwa moja: elimu imjenge mtoto katika kuwaheshimu wazazi wake, utamaduni wake mwenyewe, lugha yake na maadili yake, maadili ya nchi anamoishi na ya nchi anakotoka, na pia staarabu zilizo tofauti na wake.

Nawasihi wazazi wanaohofia kwamba mtoto akijifunza ngoma ya watu wengine ataidharau ya kwao wakisome kifungu hicho kwa utulivu. Waliokiandika hawakuvitenganisha vitu hivyo viwili. Waliviweka pamoja katika aya moja, cha kwao kikitangulia na cha wengine kikifuata. Kwa yale niliyoyaona shuleni, hofu hiyo haina mashiko. Mtoto anayemsikia mgeni akieleza kwa fahari jinsi alivyofundishwa wimbo na bibi yake hurudi nyumbani akiwa na swali kwa bibi yake mwenyewe, na wazazi wengi wamenieleza jinsi walivyoshangazwa na maswali hayo. Heshima kwa cha mwenzako huamsha udadisi juu ya chako, mradi anayekuonyesha cha kwake amefanya hivyo kwa ujuzi na si kwa kujionyesha.

Kwa wale wanaotaka ushahidi wa mahali ambapo jambo hili lilijaribiwa kwa mpango, upo mfano wa Norwe ambao nadhani unastahili kujulikana zaidi kuliko unavyojulikana. Kati ya mwaka 1989 na 1992, taasisi ya taifa ya matamasha ya nchi hiyo, Rikskonsertene, ilishirikiana na mtaalamu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Oslo, Kjell Skyllstad, kuendesha mradi katika shule 18 za msingi za eneo la Oslo, wakati idadi ya watoto wa familia za wahamiaji ilipokuwa ikiongezeka madarasani pamoja na misuguano. Kwa miaka mitatu, watoto waliletewa muziki na ngoma za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na shule zilizoshiriki zikalinganishwa na nyingine ambazo hazikupata programu hiyo. Skyllstad aliripoti kwamba katika shule zilizoshiriki mahusiano kati ya watoto wa asili mbalimbali yalikuwa mema zaidi na migogoro ilipungua, na kwamba watoto wa wahamiaji walipata kujiamini zaidi. Ninachowaomba walimu wakuu wakizingatie ni muda uliotumika. Hapakuwa na muujiza wa siku moja. Watoto walirudiwa mara kwa mara, walishika ala kwa mikono yao, walifundishwa nyimbo na hatua za ngoma, na walimu wao walikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo. Nchi hiyo haikuishia hapo, kwani tangu mwaka 2001 ina mpango wa taifa unaowapelekea wanafunzi wote sanaa za kitaalamu, muziki na ngoma zikiwemo, kwa kutumia sehemu ya faida ya bahati nasibu ya taifa. Nasisitiza neno wote: mpango huo hauwachagui watoto wenye vipaji wala shule zenye uwezo.

India nako kuna mfano wa aina nyingine, usiotegemea sana uamuzi wa serikali. Mwaka 1977, mhadhiri wa Taasisi ya Teknolojia ya India mjini Delhi, Kiran Seth, alianzisha chama cha kujitolea kinachojulikana kwa kifupi kama SPIC MACAY, ambacho hadi leo huwapeleka mabingwa wa muziki na ngoma za jadi katika shule na vyuo. Somo kubwa ninalolipata kwao ni utaratibu wa onyesho lenyewe. Msanii hapigi tu akaondoka, bali hukaa na wanafunzi, akaeleza na kuonyesha kwa zamu. Mchezaji ngoma hufundisha kwanza ishara za mikono moja baada ya nyingine, ile ya ua, ya kulungu, ya mto, ya hasira, na ndipo acheze kisa kizima. Na mtoto ambaye dakika chache zilizopita angeona vidole vikipindapinda tu, sasa anasoma hadithi mikononi mwa mchezaji. Sanaa kama kathakali, mchezo wa kuigiza kwa ngoma wa kusini mwa India, ambayo kwa desturi huweza kuchezwa usiku kucha, haiwezi kuingizwa yote katika kipindi cha shule, na hakuna sababu ya kujaribu. Onyesho fupi lililoeleweka lina manufaa kuliko refu ambalo watoto walilitazama kwa uvumilivu.

Ninapozungumza na walimu wa masomo mengine, huulizwa mara kwa mara watoto wanajifunza nini hasa, mbali na kuburudika. Ni swali la haki, na jibu lake hutegemea sanaa iliyoletwa. Chukua gamelan ya Java, mkusanyiko wa ala za shaba, zikiwemo sahani kubwa zinazoning'inizwa na kugongwa. Sehemu nyingi za muziki huo ni nyepesi kiasi kwamba mtoto asiyewahi kushika ala yoyote anaweza kuipiga yake baada ya muda mfupi, lakini hakuna sehemu inayoleta maana peke yake; wimbo hutokea pale wote wanaposikilizana, huku mpiga ngoma akiongoza mwendo bila ya mtu kusimama mbele na kupunga kijiti. Tena watoto hufundishwa adabu ya ala zenyewe: viatu huvuliwa, na hakuna anayeruhusiwa kuiruka ala kwa kuipitishia mguu juu. Nimewaona watoto watundu kabisa wakiizunguka ala kwa uangalifu baada ya kuambiwa hivyo mara moja, na siamini kwamba hotuba yoyote juu ya heshima ingewafikisha hapo.

Au chukua ngoma za chuma za Trinidad na Tobago. Katika karne ya 19 watawala wa kikoloni walizibana ngoma za ngozi za watu wenye asili ya Afrika. Watu wakageukia vipande vya mianzi vilivyogongwa ardhini, kisha mabati na makopo, na kufikia miaka ya 1930 na 1940 mafundi wa mitaani wakawa wanayageuza mapipa, hatimaye mapipa ya mafuta, kuwa ala zenye sauti zilizopangwa barabara. Mwalimu wa fizikia ana hapo somo zima la mawimbi ya sauti, kwa sababu kila kibonyeo kwenye chuma kinatoa noti yake kulingana na ukubwa na umbo lake. Mwalimu wa historia ana somo la utumwa, ukoloni na ukaidi wa watu walionyimwa sauti. Mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 11 Agosti kuwa siku ya kimataifa ya ala hiyo, na mtoto akiambiwa kwamba kitu kilichoheshimiwa hivyo kilianzia kwenye vyombo vilivyotupwa, atakuwa na la kufikiri.

Capoeira ya Brazili, mchezo unaochanganya mapigano, ngoma na muziki, inabeba historia inayofanana na hiyo. Ilizaliwa miongoni mwa Waafrika waliokuwa watumwa, sheria ya adhabu ya mwaka 1890 ikaifanya kuwa kosa, na leo duara lake limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu mwaka 2014. Watoto huipenda upesi kwa sababu ya mateke na sarakasi zake, na hapo ndipo penye hatari ya kuipunguza. Msanii mzuri huwakalisha kwanza kwenye duara, akawafundisha kuitikia wimbo na kupiga makofi, akawaonyesha kwamba upinde wa waya mmoja uitwao berimbau ndio unaoamua wawili walio katikati wacheze polepole au kwa kasi. Anayerusha teke bila kusikiliza muziki hajacheza capoeira. Kwa walimu wa hisabati nitaongeza jambo moja tu: ngoma za Bulgaria zenye mapigo 7 yaliyogawanywa kwa mbili, mbili na tatu, na midundo ya Afrika Magharibi inayopambanisha tatu na mbili kwa wakati mmoja, ni mazoezi ya sehemu na vigawe ambayo mtoto huyafanya kwa mwili mzima kabla ya kuyaona ubaoni.

Utambaji wa hadithi nauweka peke yake, kwa kuwa ndio unaosahauliwa zaidi. Shule nyingi huona kwamba fanani mmoja aliyekaa kwenye kiti hawezi kushindana na kundi lenye ngoma na maleba ya rangi, kwa hiyo msimulizi huachwa nje ya bajeti. Naamini huko ni kupotoka. Msimulizi hahitaji jukwaa, hahitaji umeme, anaweza kuingia katika darasa la kawaida na kulitazama macho kwa macho, akaona nani amechoka na nani ameogopa, akabadili sauti na mwendo papo hapo. Hadhira yake nayo haikai kimya. Huitikia, huimba kiitikio, hukisia kitakachofuata, hubisha.

Hadithi zenyewe zinawaonyesha watoto jinsi watu walivyosafiri na kukutana. Anansi, buibui mjanja wa Waakan wa Ghana, alivuka Atlantiki vinywani mwa watu waliochukuliwa utumwani, na bado anasimuliwa Jamaika na Suriname. Kisa cha binti aliyeteswa na mama wa kambo na kupoteza kiatu, ambacho watoto wengi hudhani ni cha Ulaya, kilikwisha kuandikwa nchini China katika karne ya 9. Huko Afrika Magharibi, majeli, yaani wasimulizi na wanamuziki wa jadi wanaorithishana kazi kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto wamehifadhi kwa mdomo, mara nyingi wakiandamana na kora yenye nyuzi 21, habari za Sundiata aliyeijenga dola ya Mali katika karne ya 13. Mtoto aliyezoea kuambiwa kwamba historia ni ile iliyoandikwa kitabuni anapomsikiliza mtu ambaye ukoo wake umekuwa ndio kitabu kwa karne kadhaa, anapata habari mpya kuhusu maana ya kujua.

Sasa nije kwenye maandalizi, ambayo ndiyo kiini cha barua hii. Wiki mbili au zaidi kabla ya onyesho, msanii na walimu wazungumze. Msanii aelezwe umri wa watoto, lugha wanazozielewa, wanachosoma muhula huo, na kama wapo watoto wenye ulemavu ili mipango ifanywe mapema: asiyeona apewe nafasi ya kuzigusa ala kabla ya wenzake kukaa, asiyesikia akae karibu na ngoma kubwa mahali anapoweza kuhisi mtetemo sakafuni, na mtoto anayesumbuliwa na kelele ajue mapema sauti kubwa zitaanza lini na mlango wa kutokea uko wapi. Msanii naye awape walimu kiitikio kimoja, majina ya ala, mahali sanaa inapotoka kwenye ramani na maneno machache ya salamu katika lugha yake. Mambo haya hayachukui zaidi ya kipindi kimoja kuyafundisha, lakini tofauti yake siku ya onyesho ni kubwa mno. Watoto waliokwisha kujua kiitikio huingia ukumbini kama watu wenye sehemu yao katika shughuli, na msanii anapoanza wimbo akasikia sauti mia moja zikimjibu kwa lugha ya kwao, hata upigaji wake hubadilika.

Idadi ya watoto nayo ina uzito. Natambua shinikizo la kuujaza ukumbi ili gharama kwa kila mtoto ionekane ndogo kwenye karatasi. Hata hivyo, mtoto aliyeketi safu ya thelathini haoni vidole vya mpiga kora wala hawezi kuuliza swali, na kwake gharama hiyo ndogo imepotea yote. Afadhali msanii afanye vipindi vitatu vifupi kwa madarasa machache kila kimoja, watoto wadogo wakitenganishwa na wakubwa, kuliko shule nzima kukusanywa uwanjani na kipaza sauti kinachokwaruza.

Walimu wabaki ukumbini. Nalisema hili bila kumlaumu yeyote, maana najua mzigo wa daftari zinazosubiri kusahihishwa, lakini mwalimu anayesahihisha daftari pembeni wakati msanii anafundisha amewaambia watoto, bila kufungua kinywa, kwamba hiki si kitu cha kujifunza. Kinyume chake, mwalimu wa hisabati anapovua viatu na kujaribu hatua ya ngoma iliyomshinda, watoto wanaona mtu mzima wanayemheshimu akiwa mwanafunzi wa utamaduni wa wengine, na sidhani kama kuna kielelezo kinachowafaa zaidi. Baada ya onyesho, kazi iendelee walau wiki moja: darasa lichore ramani, litunge hadithi kwa mtindo waliousikia, lirudie wimbo kila asubuhi, liandike maswali yaliyobaki na kumpelekea msanii. Iwapo inawezekana, arudi. Ziara ya pili, wakati watoto wanamwita kwa jina na kumwonyesha walichofanya, ndiyo huzaa matunda makubwa kuliko ya kwanza.

Lipo eneo moja linalohitaji uangalifu wa pekee. Si kila sanaa ni ya kuletwa shuleni, na si kila sanaa inayoweza kuletwa inafaa kuchezwa na kila mtu au wakati wowote. Miongoni mwa Wanavajo wa Marekani, visa vya Koyote, mnyama mjanja wa jamii ya mbwa mwitu, husimuliwa majira ya baridi tu, na msimulizi anayekataa kuvisimulia nje ya majira hayo anapaswa kuheshimiwa, si kubembelezwa. Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ya Wachewa wa Malawi, Msumbiji na Zambia ni ya wanaume waliopitia jando la chama cha Nyau, na vinyago vyake vina maana ya kiroho. UNESCO, ambayo imeiweka katika orodha yake, imeeleza kwamba sanaa hiyo inazidi kugeuzwa kuwa burudani ya watalii na chombo cha siasa. Shule isiongeze tatizo hilo kwa kuwavisha watoto vinyago vya makaratasi na kuwaambia wacheze. Njia ya kujua mipaka ni kuwauliza wenye sanaa: kipi kinafaa watoto, kipi kinaweza kuigwa, kipi kitazamwe tu, na kipi kisiletwe kabisa. Wengi wao hufurahi kuulizwa, na maelezo yao juu ya sababu za katazo ni sehemu ya somo. Ruhusa ya kurekodi nayo iombwe kabla. Si haki kwamba msanii aliyekubali kuwaimbia watoto wa darasa moja ajikute anasambaa kwenye simu za watu asiowajua.

Uangalifu kama huo tuwe nao kwa watoto ambao utamaduni unaoonyeshwa ni wao. Nimeshuhudia mtoto akisimamishwa ghafla mbele ya wenzake na kutakiwa awafafanulie ngoma ya "kwao", ilhali amezaliwa mbali na huko na hajawahi kuiona. Aliona haya, na wenzake wakapata sababu mpya ya kumwona mgeni. Mtoto wa namna hiyo apewe nafasi ya kuchagua. Akitaka kumsaidia msanii kutafsiri, au wazazi wake wakitaka kuja kusimulia, milango iwe wazi. Asipotaka, akae na wenzake ajifunze kama wao. Vilevile, programu ya mwaka isiwaonyeshe watu wa mahali fulani kana kwamba wote huishi ndani ya mavazi ya sherehe. Msanii akisema kwamba siku za kawaida yeye ni muuguzi au dereva, na kwamba anapenda pia muziki wa kisasa, ametoa funzo ambalo vitabu vingi vinalikosa.

Wapo wanaosema kwamba intaneti imeondoa haja ya gharama hizi, kwani video za kila ngoma duniani zinapatikana. Video ninazitumia na nitaendelea kuzitumia, hasa kabla na baada ya onyesho, kwa sababu zinamwezesha mtoto kuona mazingira ambamo sanaa inaishi. Lakini video haimjibu mtoto anayeuliza, haimsahihishi anayepiga vibaya, haimngoji anayechelewa kushika mdundo. Zaidi ya yote, kwenye kioo mtu wa utamaduni mwingine hubaki kuwa kitu cha kutazamwa. Akiwa darasani ni mwalimu, naye pia anawatazama watoto na kuwauliza habari zao.

Kuhusu mitihani nitasema kwa kifupi. Shughuli ninayoipendekeza haidai zaidi ya siku chache katika mwaka mzima wa masomo, na kama nilivyoonyesha, sehemu kubwa ya siku hizo inaingia ndani ya jiografia, historia, lugha, hisabati na sayansi. Hata upimaji wa kimataifa wa PISA, ambao hutajwa sana na wanaotetea mitihani, mwaka 2018 uliwapima vijana wa nchi kadhaa uwezo wao wa kuelewa na kuthamini mitazamo ya watu wa tamaduni nyingine.

Suala la fedha ni zito zaidi, na sitaki kulipamba. Msanii anayekuja shuleni alipwe, tena alipwe kama mtaalamu. Desturi ya kumwambia kwamba malipo yake ni kujulikana, au kwamba anafanya kwa ajili ya watoto na kwa hiyo asiombe kitu, imewafukuza wengi walio bora na kutuachia wenye haraka. Shule moja pekee huenda isimudu, lakini shule zinazopakana zikiungana zinaweza kumwalika msanii mmoja kwa wiki nzima, zikagawana nauli na malazi, naye akapata ujira wa maana kwa safari moja. Mamlaka za elimu ziweke fungu dogo la kudumu, kwa kuwa mpango unaotegemea mfadhili wa mwaka huu hufa akiondoka. Tena tusidhani kwamba lazima msanii atoke ng'ambo. Katika miji mingi wapo watu wa asili mbalimbali wenye ujuzi mkubwa wa muziki, ngoma na hadithi za kwao, ambao hakuna shule iliyowahi kuwabishia hodi. Kuwatafuta watu hao, kuwasikiliza na kuwasaidia kupanga ujuzi wao kwa ajili ya watoto ni kazi ambayo kamati ya wazazi inaweza kuianza bila kusubiri waraka wowote.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na bodi zao ni kwamba wanapokaa kupanga ratiba ya mwaka ujao, wachague tamaduni mbili tu, waandike tarehe za vipindi vyake kama wanavyoandika vya masomo mengine, wamteue mwalimu mmoja wa kushughulikia mawasiliano na wasanii, na wapange ziara ya pili ya kila msanii kabla ya ile ya kwanza kufanyika. Kwako wewe Mhariri, naomba ukurasa wako uwape nafasi wasanii wenyewe pamoja na walimu waliokwisha kujaribu, watueleze kilichofaulu na kilichoshindikana katika shule zao, ili wanaoanza wasianzie gizani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa muziki na mratibu wa maonyesho shuleni